Maisha ya Bwana Soichiro Honda, Mwana wa Mhunzi

Wasomaji wenzangu, jina la Honda twalijua sote. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa Bariadi amekwisha kuliona ubavuni mwa pikipiki. Lakini wachache miongoni mwetu wajuao kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, na kwamba mtu huyo aliacha shule akiwa na umri mdogo kuliko wangu. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipofanya kosa, nami nitalieleza kosa hilo kwanza.

Baba yangu analima pamba, na ana pikipiki ya zamani, nyepesi, ya mipigo miwili. Kaka yangu ana ya kazi ya bodaboda, nayo ni ya mipigo minne. Likizo ya Desemba mwaka jana, wakati wa kupanda, baba alinituma kupeleka mbegu shambani. Tangi lilikuwa tupu. Basi nikachukua petroli ya kaka, nikaijaza vivyo hivyo, bila kuichanganya na oili, nikaenda zangu. Sikufika mbali. Katikati ya mbuga injini ilitoa mlio mkali, gurudumu la nyuma likakaza, nikaanguka na mbegu zangu matopeni. Pistoni ilikuwa imenasa ndani ya silinda.

Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Aliuza mbuzi wawili, na mpaka fedha zilipotimia alikwenda shambani kwa miguu, bomba la dawa mgongoni. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko fimbo. Nilikuwa nimetaka siku zote kuwa fundi wa mitambo, lakini siku zile niliapa moyoni kwamba sitashika spana tena. Ndipo fundi wa mjini, mzee wa makamo, aliponiita ng'wanawane, akanikalisha juu ya tairi, akanieleza habari za Bwana Honda. Nilipofungua shule niliendelea kutafuta vitabuni, na haya ndiyo niliyoyapata.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906, katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, nchi ya Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, tena akitengeneza baiskeli. Mtoto huyo alikulia katika moshi na mlio wa nyundo. Mwaka 1922 aliacha masomo akaenda Tokyo kujifunza kazi katika karakana ya magari iitwayo Art Shokai. Alitumaini kushika injini mara moja, lakini kwa miezi mingi alipewa kazi ya kufagia na kumlea mtoto wa tajiri wake. Alivumilia. Mwaka 1928, akiwa na miaka ishirini na mmoja tu, alirudishwa Hamamatsu kufungua tawi la karakana ile.

Alipenda sana mashindano ya magari, na mwaka 1936 aliumia vibaya katika ajali ya mashindano. Mwaka uliofuata akaanza kazi ya kutengeneza ringi za pistoni. Hapo aliona taabu. Alipopeleka ringi 50 kukaguliwa katika kampuni ya Toyota, zilizokubaliwa zilikuwa 3 tu. Bwana Honda alitambua kwamba mikono bila elimu haitoshi. Ingawa alikuwa tayari mwenye kiwanda, alikwenda kuketi darasani na vijana, katika shule ya ufundi ya Hamamatsu, ajifunze habari za chuma. Mitihani hakuifanya, cheti hakupata, lakini ringi zake zikawa nzuri.

Kisha vita ikaja. Kiwanda chake cha Hamamatsu kilipigwa mabomu, na mwezi wa Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kile cha pili. Akauza mabaki kwa Toyota, akawa hana kiwanda.

Wakati huo watu wa Japani walikuwa na shida kubwa ya usafiri. Mwaka 1946 Bwana Honda alipata injini ndogo zilizotumiwa na jeshi kwa mitambo ya redio. Akazifunga katika baiskeli. Tangi lake la kwanza lilikuwa chupa ya kuwekea maji ya moto kitandani. Watu wakazigombania. Zilipokwisha akaunda injini yake mwenyewe, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Mwaka 1949 ilitoka pikipiki yake iliyoitwa Dream, nayo ilikuwa ya mipigo miwili, kama ya baba yangu.

Hapa sharti nieleze tofauti. Katika injini ya mipigo miwili, moto huwaka kila krenki inapozunguka mara moja. Haina valvu, bali matundu ubavuni mwa silinda. Kwa hiyo ni nyepesi, nayo hutoa nguvu nyingi kwa ghafula. Lakini petroli hupita chini, penye krenki, kabla ya kupanda juu. Kwa hiyo hapo hapawezi kuwekwa oili ya kukaa. Oili lazima ije pamoja na petroli, na kuungua pamoja nayo. Ndiyo maana hutoa moshi, na ndiyo maana mimi niliiua ya baba. Tena petroli nyingine hutoroka kwa bomba la moshi kabla ya kuungua. Injini ya mipigo minne huvuta, hubana, huwasha, kisha hutoa moshi, na moto huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Ni nzito zaidi, ina valvu za kutunzwa, lakini oili yake hukaa mahali pake, haili petroli sana, na huvuta mzigo polepole bila kulia.

Bwana Honda hakupenda moshi na kelele za mipigo miwili. Mwaka 1951 alitoa Dream ya mipigo minne. Mwezi wa Julai pikipiki hiyo ilijaribiwa katika mlima wa Hakone, mvua ikinyesha sana. Bwana Honda na mwenzake Takeo Fujisawa waliifuata kwa gari, lakini pikipiki ikawaacha nyuma. Mwaka 1958 alitoa Super Cub, ndogo, ya mipigo minne. Kufika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 1961 pikipiki zake zilishinda mashindano makubwa ya kisiwa cha Man.

Lakini katika mashindano ya matopeni na vilimani, pikipiki nyepesi za mipigo miwili zilikuwa zikishinda. Kampuni ya Honda ilikubali ukweli huo, na mwaka 1972 ikaonyesha CR250M, ya mipigo miwili, ingawa mwenye jina hakuipenda namna ile. Mwaka uliofuata, 1973, ikashinda ubingwa wa Marekani. Mwaka huo huo Bwana Honda alistaafu. Alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 84.

Wenzangu huniuliza ipi ni bora kwa njia zetu. Mimi nasema hivi: kwa mbuga nyeusi ya masika, pale ambapo lazima ushuke uinyanyue kwa mikono, nyepesi ya mipigo miwili ni rafiki. Kwa kubeba gunia la pamba, kwa safari ndefu, na kwa mfuko wa mkulima, mipigo minne ni bora. Lakini aliye bora kuliko zote mbili ni mtu anayejua ni ipi aliyoipanda.

Pikipiki ya baba imekwisha kupona. Likizo ya Juni nilipofika nyumbani, baba alinipa chupa ya oili na kipimo, akaondoka bila neno. Nilipima mara tatu kabla ya kumimina. Ringi 47 za Bwana Honda zilikataliwa, naye hakuacha kazi. Basi mimi niliyenasisha pistoni moja, nina sababu gani ya kuacha?