Solomon Linda na wimbo wa simba uliozunguka dunia

Muziki wa jadi unapobadilika ili uendane na zama, huwa ni mali ya nani? Katika makala yetu ya leo tunaangazia maisha ya Solomon Linda wa Afrika Kusini, mtu ambaye wimbo wake unajulikana karibu kila pembe ya dunia, hali ya kuwa wengi wanaouimba hawalijui jina lake.

Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, katika eneo la Msinga huko Natal. Alikulia kwenye nyimbo za harusi za Wazulu, na katika shule ya misheni akajifunza nyimbo za kanisani. Mwaka 1931, kama walivyofanya vijana wengi wa Kizulu wakati huo, alikwenda Johannesburg kutafuta riziki. Alifanya kazi katika duka la samani, baadaye katika hoteli ya Carlton, na baada ya kazi akiimba na kundi la Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni, pamoja na vijana wenzake wa Pomeroy.

La kuzingatia hapa ni jinsi alivyoubadilisha muziki wa kwao. Hakuacha desturi ya kijijini ya kiongozi kuimba na wenzake kuitikia, bali aliipanga upya. Kati ya waimbaji sita wa kundi hilo, watatu waliimba sauti nzito ya besi, na yeye akapaa juu yao kwa sauti nyembamba mno. Walivaa suti za mistari na kofia za kizungu. Mtu anaweza kudhani kuwa huko ni kuiga tu, lakini kwa mtazamo wetu suti ilikuwa ya mjini na sauti ilibaki ya Msinga. Sisi wa pwani tunalifahamu jambo hili, kwani Siti binti Saad naye alitoka kijijini, akaingia mjini Unguja, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili.

Mwaka 1939 kundi la Linda liliingia studio ya Eric Gallo mjini Johannesburg na kurekodi wimbo Mbube, neno lenye maana ya simba kwa Kizulu. Santuri hiyo iliuzwa zaidi ya nakala 100,000, na jina la wimbo likawa jina la mtindo mzima wa uimbaji, ambao baadaye ulizaa isicathamiya ya akina Ladysmith Black Mambazo. Pamoja na hayo, Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10 tu, akaendelea kufanya kazi ya kibarua katika kampuni hiyo hiyo.

Santuri ilifika Marekani, ambako Pete Seeger alilisikia vibaya neno la Kizulu, na kundi lake la The Weavers likautoa wimbo kwa jina la Wimoweh. Wachapishaji wa huko waliuchukulia kuwa wimbo wa jadi, yaani usio na mwenyewe, lakini wakaweka jina la kubuni la Paul Campbell mahali pa mtunzi! Mwaka 1961 The Tokens waliuimba kwa maneno ya Kiingereza ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Linda hakuyaona mengi ya hayo. Alianguka jukwaani mwaka 1959 na kufariki dunia kwa maradhi ya figo tarehe 8 Oktoba 1962, akiwa maskini. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe.

Mwaka 2004 familia yake ilifungua kesi dhidi ya Disney huko Afrika Kusini. Wanasheria waliegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Februari 2006 yalifikiwa makubaliano na kampuni ya Abilene Music: warithi walipwe, na Solomon Linda atambuliwe kuwa mmoja wa watunzi.