Lemkin, Aliyeipa Dhuluma Jina

Sisi washairi twaijua taabu ya kutafuta neno. Lakini sijapata kusikia neno lililomgharimu mtu kama lile la marehemu Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, mwanasheria, aliyezaliwa 1900. Tangu ujanani lilimkera jambo moja: anayeua mtu mmoja ana sheria ya kumhukumu, anayeangamiza kaumu nzima hana.

Aliwakimbia Manazi, akafika Marekani 1941. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa. Katika jamaa zake Lemkin, 49, baba na mama wakiwamo. Mwaka 1944 alichanganya Kigiriki na Kilatini, akapata jenosaidi. Nasi twasema mauaji ya kimbari. Hukumu ya Nuremberg, 1946, haikulitumia neno hilo, naye likamuuma mno. Basi akaganda milangoni mwa mabalozi kama mdai, hata Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba, tarehe 9 Desemba 1948.

Alifariki New York, Agosti 1959, fukara, wazikaji wachache. Mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo alihukumiwa hapa jirani, Arusha, tarehe 2 Septemba 1998: Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda.