ASKOFU VINCENT LUCAS NA MALEZI YA NDOA

Kila mwaka mavuno yakiisha tunasikia ngoma za jando na unyago katika pwani yetu, tangu Mikindani mpaka Msimbati na mdomo wa Ruvuma. Ni wakati unaofaa kumkumbuka mtu aliyejiuliza, zaidi ya miaka 100 iliyopita, swali ambalo lingali letu: kijana Mkristo afundishwe na nani kuwa mume, na binti afundishwe na nani kuwa mke?

William Vincent Lucas alizaliwa Uingereza mwaka 1883. Akawa padre, akajiunga na misheni ya U.M.C.A., na mwaka 1909 alifika Masasi, yapata kilometa 200 kutoka mjini Mtwara. Kanisa la huko lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza kutoka Lindi watu waliookolewa utumwani. Watu wale walikuwa wametengwa na jamaa zao. Walipooana hawakuwa na mjomba wala bibi wa kuwasimamia. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wao.

Lakini Injili ilipoenea kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde wa vijiji vya jirani, mambo yalikuwa mengine. Hao walikuwa na ukoo wao, unaofuata upande wa mama. Mume huenda kukaa kwa watu wa mkewe, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto. Asiyepita jandoni huhesabiwa mtoto tu, hata awe na mvi, wala hapati mke kwa heshima. Huko jandoni na unyagoni ndiko vijana walikofundishwa kuheshimu wakwe, kutunza nyumba na kukaa na mwenzi.

Basi Kanisa lilikuwa katika shida. Kuwakataza watoto Wakristo ni kuwafanya wageni kwao wenyewe. Kuwaachia ni kuwapeleka mahali ambapo pamoja na mafundisho mema palikuwa na matambiko kwa mizimu, nyimbo za aibu, na desturi za kuwaingiza vijana katika uasherati mara watokapo. Wengi waliokatazwa walikwenda kwa siri, wakarudi na mioyo miwili.

Padre Lucas hakuharakisha kutoa amri. Aliketi na mapadre Waafrika, walimu na wazee wa Kanisa, akawauliza kila desturi ina maana gani. Wao walikuwa wamepita jandoni, yeye hakupita. Alishika fundisho la Bwana wetu kwamba alikuja kutimiliza, si kuharibu. Kwa shauri lao likaanzishwa jando la Kikristo. Kumbi lilijengwa porini kama zamani. Lakini msalaba ulisimamishwa pale, padre alikuwapo pamoja na wavulana, na sala kwa Mungu zilichukua mahali pa tambiko. Walifundishwa adabu ya kwao na imani yao pamoja. Siku ya kutoka walivikwa nguo mpya, wakaenda kanisani kushukuru, na wazazi wao wakiwashangilia.

Wengine walimlaumu kwamba anachanganya giza na nuru. Yeye aliendelea, akieleza jambo hilo katika maandiko yake, mojawapo likichapwa Uingereza mwaka 1928.

Upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mafundisho ya unyago ni siri ya wanawake, na padre hana njia ya kuingia. Yote yalitegemea makungwi Wakristo, nao walikuwa wachache. Hapa tusifiche: kazi ya wavulana ilisimama imara kuliko ya wasichana, na ndoa haisimami kwa mguu mmoja.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza, na mapadre na walimu Waafrika wakalichunga Kanisa. Mwaka 1926 Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Zanzibar, na Lucas akawa Askofu wake wa kwanza. Alitumika mpaka mwaka 1944, na mwaka 1945 alifariki dunia.

Jambo moja linatushangaza. Askofu huyu hakuoa. Hata hivyo aliona lile ambalo sisi wenye ndoa tunalisahau, kwamba ndoa haianzi siku ya arusi. Huanza pale mvulana anapofundishwa kuutawala mwili wake, na msichana anapofundishwa kuwa yeye ni mtu wa thamani mbele ya Mungu, na wote wawili kusema kweli, kuvumilia na kusameheana.

Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitali, na jeraha hupona upesi. Ni vizuri kwa afya yao. Lakini ni nani aliyekaa nao kuwafundisha? Tunatangaza ndoa kanisani, tunachanga fedha, tunapika pilau, kisha tunawaacha bibi na bwana arusi wajitafutie njia. Wakigombana mwaka wa pili, tunashangaa. Sisi tuliofundisha shule tunajua kwamba mtoto asiyefundishwa na wazee wake hakosi mwalimu, humpata njiani.

Wazee na akina mama wa mtaa wetu, kazi hii ni yenu. Kila kijana anayekaribia kuoa apewe mzee mmoja mwenye ndoa ya kweli, na kila binti apewe mama mmoja wa namna hiyo, wamtembelee kabla ya arusi na baada yake. Safari hii tuanze na mabinti, maana hapo ndipo kazi ya Askofu Lucas ilipobaki nusu. Mungu ampumzishe kwa amani, naye atupe sisi moyo wa kuimaliza.