Gauss na Ilimu Iliyofungwa Sandukuni

Huenda baadhi ya ndugu zetu wakastaajabu kuona twamtaja Mnasara wa Ujerumani katika karatasi hii. Twamtaja kwa kuwa ala aliyoitumia ni aljebra, ilimu iliyopata jina lake katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad. Na mali yetu tukiikuta kwa jirani, si aibu kuuliza ameitumiaje.

Carl Friedrich Gauss alizaliwa Brunswick mwaka 1777, mwana wa mtu wa kazi za mikono. Mama yake hakuiandika siku aliyomzaa. Alikumbuka tu kuwa ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa ya Manasara. Mwana alipokua aliitafuta kwa hisabu, akaipata: 30 Aprili. Mtawala wa nchi ndiye aliyemlipia masomo.

Tarehe 1 Januari 1801 mwanafalaki Piazzi, huko Palermo, aliona nyota ndogo itembeayo. Aliifuata siku 41, kisha ikapotea katika mwanga wa jua. Gauss, kijana wa miaka 24, alipiga hisabu ya njia yake kwa vipimo hivyo vichache, na mwezi wa Disemba ikaonekana karibu na pale alipopaonyesha. Ndiyo Ceres.

Kanuni iliyomtia katika ugomvi yataka maelezo. Watu watatu wakipima kiwanja kimoja hutoa vipimo vitatu, tushike kipi? Chagua jibu ambalo, ukitwaa tofauti yake na kila kipimo, ukaizidisha kila tofauti kwa nafsi yake, ukajumlisha, jumla iwe ndogo kabisa. Kwa kiwanja, jibu ni wastani. Yasiyojulikana yakiwa mengi, vipimo huleta milinganyo mingi inayogombana; kanuni huirudisha ikalingana idadi na yasiyojulikana, na aljebra huyaondoa moja moja hadi la mwisho.

Lakini aliyeichapisha kwanza ni Legendre wa Ufaransa, mwaka 1805. Gauss aliichapisha 1809, akidai ameitumia tangu 1795. Legendre alikasirika, nasi twaona alikuwa na haki: aliyeitangaza ndiye aliyewafaa watu. (Na wanaofungia vitabu vya mababu masandukuni hadi vikaliwa na mchwa wasidhani hatuwasemi.) Legendre alikufa 1833, Gauss 1855 mjini Göttingen. Daftari lake la siri, lenye mambo 146, lilijulikana zaidi ya miaka 40 baadaye. Nalo lilikuwa na mengine ambayo wenziwe walikuwa wameshataabika kuyavumbua upya.