Aldo Leopold: Mwindaji aliyegeuka mtetezi wa mbwa mwitu

Na Mwandishi Wetu

ALDO Leopold, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya kutunza wanyamapori nchini Marekani, aliianza kazi yake akiwa na bunduki mkononi, na kwa miaka mingi alihimiza mbwa mwitu waangamizwe hadi wa mwisho. Kuligeuza wazo hilo kulimchukua zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi.

Mbwa mwitu anayezungumziwa hapa si yule mwenye mabaka wa mbuga za Afrika. Huyu wa Amerika Kaskazini ni mnyama mkubwa, aghalabu wa rangi ya kijivu, ndugu wa karibu wa mbwa wa kufugwa, ambaye huwinda kwa makundi na hutegemea zaidi kulungu na wanyama wengine wenye kwato.

Leopold alizaliwa Januari 11, 1887 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, kando ya Mto Mississippi. Baba yake, mtengenezaji wa samani, alikuwa mwindaji mwenye miiko, aliyejiwekea mipaka hata pale sheria ilipokuwa kimya. Kijana huyo alisomea misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1909 aliajiriwa na Idara ya Misitu, akapangiwa Msitu wa Apache huko Arizona.

Hazikupita siku nyingi kabla yeye na wenzake hawajawaona mbwa mwitu, mama na watoto wake, wakivuka mto chini ya genge. Walifyatua risasi bila kusita. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, Leopold aliteremka akamkuta mama huyo akikata roho, na macho ya mnyama yule hayakumtoka moyoni. Hata hivyo, katika barua aliyoiandikia nyumbani wakati huo, tukio hilo lilitajwa kwa kupita tu.

Masimulizi mengi humfanya Leopold aongoke siku ile ile, lakini kumbukumbu zinaonyesha vingine. Mwaka 1915, serikali ya Marekani ilipoanza kuajiri wawindaji wa kuwaua mbwa mwitu kwa risasi, mitego na sumu, Leopold alikuwa New Mexico akianzisha vyama vya wawindaji na kuungana na wafugaji wa ng'ombe kudai kazi hiyo iharakishwe. Mwaka 1920 alihutubia mkutano wa kitaifa akisisitiza kwamba isiachwe hadi mbwa mwitu wa mwisho wa New Mexico apatikane. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mbwa mwitu wakipungua kulungu wataongezeka, na mwindaji atanufaika.

Hesabu hiyo ilivunjwa na kulungu wenyewe. Katika uwanda wa Kaibab, kaskazini mwa Arizona, ambako wanyama wala nyama walikuwa wameuawa kwa wingi, kulungu waliongezeka kupita malisho yao, na katika miaka ya 1920 wakafa kwa njaa. Mwaka 1935 Leopold alizuru Ujerumani, akaona misitu iliyopandwa kwa mistari, isiyo na mbwa mwitu, ambamo kulungu walikuwa wamemaliza mimea ya chini.

Kilichomfungua macho zaidi ni safari zake mbili, mwaka 1936 na 1937, katika milima ya Sierra Madre, kaskazini mwa Mexico. Huko mbwa mwitu na puma walikuwa bado wapo. Kulungu walikuwa wengi lakini hawakuzidi kiasi, nyasi zilishika udongo, na mito ilipita safi. Ndipo alipotambua kuwa mnyama aliyekuwa akimhesabu mwizi alikuwa mlinzi wa mlima mzima, kwa maana anayezuia kulungu wasizidi huzuia pia mteremko usibaki kipara.

Wakati huo Leopold alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikoanza kufundisha utunzaji wa wanyamapori mwaka 1933. Mwaka 1943 aliteuliwa katika Tume ya Uhifadhi ya jimbo hilo, akaunga mkono kupunguzwa kwa kulungu waliokuwa wakifa kwa njaa. Wawindaji, ndugu zake wa zamani, walimshambulia vikali, wakiamini kuwa anawapokonya haki yao.

Albert Hochbaum, aliyekuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyemsukuma akiri kuwa naye alikuwa miongoni mwa waangamizaji. Aprili 1944, miaka 35 baada ya kufyatua risasi zile, Leopold aliandika insha iliyosimulia kifo cha mbwa mwitu yule na kosa lake mwenyewe. Insha hiyo iliingia katika kitabu chake, A Sand County Almanac, lakini hakukiona kikichapishwa. Aprili 21, 1948, wiki moja baada ya mchapishaji kukikubali, alikufa kwa mshtuko wa moyo akisaidia kuzima moto katika shamba la jirani. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1949 na kimeuzwa zaidi ya nakala milioni mbili.

Wisconsin ilifuta malipo kwa wauaji wa mbwa mwitu mwaka 1957, wanyama hao wakiwa karibu kutoweka jimboni humo. Sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini ndiyo iliyowapa nafuu. Machi 1998, mbwa mwitu 11 waliozaliwa chini ya uangalizi wa binadamu walifunguliwa katika msitu ule ule wa Apache, na hesabu ya mwaka 2023 ilikuta wasiopungua 257 katika Arizona na New Mexico.

Mvutano, hata hivyo, haukuisha. Februari 2021, Wisconsin iliruhusu wawindaji kuua mbwa mwitu 119. Ndani ya siku tatu waliuawa 218, na mwaka uliofuata mahakama ikarejesha ulinzi wa serikali kuu. Leopold alihitaji miaka 35 na milima ya nchi mbili kubadilika. Mbwa mwitu, wanaoweza kuuawa mia mbili kwa siku tatu, hawana muda wa kuwasubiri watu namna hiyo.