Claude Bourgelat na Shule ya Kwanza ya Madaktari wa Mifugo

Ndugu msomaji, ng'ombe wako akikataa majani leo jioni, kesho utafanya nini? Bila shaka utamwita bwana mifugo. Yeye atamfungua mdomo, atazame ulimi, ufizi na meno. Atalisikiliza tumbo. Ataangalia mavi yake. Kazi hiyo hufundishwa shuleni. Lakini zamani shule za namna hiyo hazikuwapo. Soma sasa habari za mtu aliyeanzisha ya kwanza katika Ulaya.

Claude Bourgelat alizaliwa mwaka 1712 katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Mwaka 1740 alipewa kazi ya kuongoza chuo cha kufundisha vijana kupanda farasi. Hapo aliona jambo la kusikitisha. Farasi alipougua, mwenyewe alimwita mhunzi, yule aliyempigilia farasi viatu vya chuma. Mhunzi alikijua chuma. Tumbo la farasi hakulijua. Alibahatisha tu.

Fikiri hasara yake. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota hugaagaa chini, na aweza kufa upesi. Meno yake nayo huendelea kuchomoza kwa miaka mingi. Mara nyingine hufanya ncha kali, zikamkata mashavu na ulimi. Chakula kipo, njaa anayo, lakini kutafuna hawezi. Asiyejua atamnywesha dawa ya tumbo, kumbe ugonjwa uko mdomoni! Anayejua atazisawazisha ncha zile kwa tupa, na farasi atakula.

Bourgelat alitaka kujua. Alifanya kazi pamoja na madaktari wa upasuaji wa Lyon. Walipasua maiti za wanyama, wakaona kila kiungo kilivyo. Alitoa vitabu juu ya farasi.

Siku hizo sotoka iliua ng'ombe wa Ulaya makundi kwa makundi. Wazee wetu waliujua ugonjwa huo. Ng'ombe hushikwa na homa, hutoka vidonda mdomoni, hudondosha mate, kisha huhara mpaka maji yakamwishia mwilini. Mkulima aliyepoteza ng'ombe wake alikosa maziwa, mbolea na mnyama wa kuvuta jembe.

Tarehe 4 Agosti 1761 serikali ya mfalme ilimruhusu Bourgelat kufungua shule. Masomo yalianza mwaka 1762, katika nyumba iliyokuwa ya kulaza wageni. Wanafunzi walijifunza mwili wa mnyama, majani ya dawa na namna ya kutibu. Hawakukaa darasani tu. Walipelekwa vijijini, mahali ambapo mifugo ilikuwa inakufa. Baadaye Bourgelat alianzisha shule ya pili huko Alfort, karibu na Paris. Wageni walikuja kusoma kwake. Mmoja alirudi Denmark akaanzisha shule mwaka 1773. Mwingine alirudi Sweden akafanya vivyo hivyo mwaka 1775.

Aliwaonya wanafunzi wake wasiwatoze watu bei kubwa. Elimu yao walipewa na nchi yao, basi wamtofautishe maskini na tajiri.

Bourgelat alifariki mwaka 1779. Dawa ya sotoka hakuipata. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1890, sotoka iliingia Afrika Mashariki. Wamasai na wafugaji wengine walipoteza karibu ng'ombe wao wote, na watu wengi walikufa kwa njaa. Lakini elimu haikusimama. Huko Muguga, nchini Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Mwaka huohuo shule ya Lyon ilitimiza miaka 250 tangu kuruhusiwa.

Ndugu msomaji, mtu mmoja alikataa kubahatisha. Nawe usibahatishe. Mnyama wako akiacha kula au kucheua, akidondosha mate au akihara, mtenge na wenzake, kisha mwite bwana mifugo mapema.

Maswali
1. Kabla ya shule ya Bourgelat, nani aliitwa kutibu farasi?
2. Kwa nini farasi mwenye njaa aweza kushindwa kula?
3. Ilitangazwa mwaka gani kwamba sotoka imekwisha duniani?
4. Katika kijiji chenu, mnyama akiugua mnafanya nini kwanza? Zungumzeni darasani.