Earle Seaton, Wakili wa Ardhi

Ndugu msomaji, wewe unalima mikorosho na ufuta kijijini kwako hapa Kilwa. Je, akija mtu kesho akasema shamba hilo si lako, utamwonyesha nini? Soma habari za mtu aliyewasaidia wakulima waliopatwa na jambo hilo.

Earle Seaton alizaliwa mwaka 1924 katika kisiwa cha Bermuda, ng'ambo ya mbali katika bahari ya Atlantiki. Alikuwa mzao wa Waafrika. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Howard huko Marekani. Kisha akasomea sheria London. Alipohitimu, alikuja Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940, akafanya kazi ya uwakili katika mji wa Moshi.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Huko Meru, karibu na Arusha, serikali ya kikoloni ilitaka ardhi ya Engare Nanyuki iwe ya walowezi wa Kizungu. Wameru walikataa. Walikuwa wakiishi hapo na kulisha mifugo yao hapo. Tena, baadhi ya mashamba hayo walikuwa wameyalipia fedha zao wenyewe.

Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamchagua mwenzao Kirilo Japhet awe msemaji wao, wakamtafuta wakili. Wakili huyo alikuwa Seaton. Yeye alipanga madai yao kwa maandishi: nani aliishi wapi, nani alilipa nini, na nini kiliharibiwa. Mwaka 1952 Seaton na Kirilo walifika New York, wakaeleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa.

Je, walishinda? Hapana. Wajumbe wengi waliwahurumia, lakini haikutoka amri ya kurudisha ardhi. Hata hivyo kazi yao haikupotea bure. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu mambo aliyoyaona. Dunia nzima ilijua dhuluma ile. Baadaye mpango wa walowezi ulishindwa, na ardhi ikarudi kwa Wameru.

Seaton naye aliendelea na kazi yake ya sheria. Baada ya uhuru aliitumikia serikali ya Tanzania katika mambo ya sheria na mikataba na nchi za nje. Mwaka 1967 yeye na Kirilo walitoa kitabu juu ya shauri la Wameru. Baadaye alikuwa jaji Bermuda, kisha Jaji Mkuu wa Shelisheli. Alifariki mwaka 1992.

Ndugu msomaji, ona jinsi Seaton alivyojenga kazi yake. Alisoma kwa miaka mingi. Kisha akakaa karibu na wakulima, akawasikiliza, akayaandika mambo yao sawasawa. Wakili hawezi kutetea jambo ambalo halina ushahidi.

Wewe huhitaji kwenda New York. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuruhusu kuomba hati ya hakimiliki ya kimila katika halmashauri ya kijiji chako. Mke na mume wanaweza kuandikwa pamoja. Jua mipaka ya shamba lako, na majirani zako waijue. Tunza kila stakabadhi. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Sasa unajua kusoma; hiyo ndiyo ngao yako ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini Wameru walikataa kuhama Engare Nanyuki?
2. Seaton aliwasaidiaje?
3. Wewe una ushahidi gani juu ya shamba lako?